Ukuta wa Baba Mkwe

Kwanza Nerima alimsingizia panya. Akavuta makochi yote katikati ya sebule, akachungulia nyuma ya kabati la vyombo, akapiga deki kwa dawa ya Jik mpaka macho yakamwasha, na harufu ikabaki palepale. Kisha akalisingizia zulia. Akalianika uani jua lilipojitokeza kati ya mvua mbili, akalipiga kwa mti kama anayelidai, akalirudisha ndani likiwa kavu, na harufu ikampokea mlangoni. Ilikuwa harufu nzito, ya kitu kilicholowa kikafungiwa. Ilizidi kwenye korido kuliko sebuleni, na mwisho wa korido ikazidi zaidi, na mwisho wa korido palikuwa na mlango mmoja tu, mlango wa baba mkwe.

Hapo ndipo deki ya Nerima ilipogeuka kila siku na kurudi ilikotoka.

Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hagusi kitanda chake, hafui shuka zake, hampi mkono wa salamu. Kwao Nerima, upande wa Busia, ni hivyo, na kwa akina Obura kule Siaya ni hivyo hivyo. Kijijini jambo hili halina taabu, kwa sababu mzee ana nyumba yake na mwana ana yake, na katikati pana ua wa kutosha kuku na ng'ombe. Lakini hapa Lanet, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, heshima yote hiyo ilibidi ibanane kwenye korido moja na choo kimoja.

Mzee Obura alifanya kazi reli tangu ujana wake, kwenye genge la kutengeneza njia, na alipostaafu alibaki na mkewe Eucabeth katika chumba cha kupanga karibu na nyumba za zamani za reli mjini. Eucabeth alipofariki, mwana wao Jerry alisema haifai baba yake ajipikie ugali akiwa na mwana mwenye nyumba ya mawe. Mzee akaletwa, akapewa chumba cha nyuma. Hakuweka sharti lolote kwa mdomo, ila asubuhi ya kwanza alitoka na ufagio wake mwenyewe, na jioni ile shuka zake zikaonekana kwenye kamba, zimefuliwa na kukamuliwa na mikono ya mwanamume. Nerima akaelewa.

Jerry ni dereva wa lori. Hupakia viazi Mau Narok, huvipeleka Nairobi, na ukungu ukishika bondeni hulala Mai Mahiu. Nyumbani huja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya chakula. Shantel, binti yao, yuko shule ya bweni Subukia. Kwa hiyo katikati ya juma nyumba ilikuwa na watu wawili tu, mzee na mke wa mwanawe, wakipishana kwa heshima na kuulizana habari ya mvua.

Na mvua ilikuwepo, tena ya kutosha. Nerima alikuwa mtu wa kutulia, lakini mwaka huo alishindwa. Akiketi aliinuka. Akiinuka alifungua dirisha, akishafungua aliona mvua inaingia, akalifunga, na harufu ikarudi kumkalia puani. Alianza kuogopa wageni. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walipotaka kuja kusali kwake, alisema anaumwa na kichwa, na uongo huo ukampa kichwa kweli.

Kisha akaona godoro. Alikuwa ameenda kibandani kununua maziwa, akakumbuka kwamba ameacha simu, akarudi kwa mlango wa nyuma. Mzee Obura alikuwa amelitoa godoro lake, ameliegemeza kwenye tangi la maji, na analikandamiza kwa taulo. Alikuwa akifanya kwa haraka, akitupa jicho kila mara upande wa geti la mbele. Upande mmoja wa godoro ulikuwa umelowa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Nerima alirudi kinyumenyume kama mwizi, akaenda kusimama kwa jirani mpaka alipokadiria kwamba godoro limerudi ndani.

Jirani huyo ni Wachuka, na kosa la Nerima lilikuwa kumjibu alipoulizwa mbona anahema. Wachuka si mtu mbaya. Ni vile tu ukimwambia neno, umeliambia soko zima. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema babake mwenyewe kule Kabazi alianza hivyo hivyo, godoro likianikwa kwa siri, mpaka watoto wakajua.

"Ni uzee tu, Mama Shantel. Mnunulie ile nailoni ya kuweka juu ya godoro."

Nerima alisema labda mzee alimwaga maji ya kunywa. Wachuka akamtazama kwa macho ya mtu aliyezika wazazi wote wawili.

"Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja."

Basi Nerima akanunua nailoni. Kuinunua kulikuwa rahisi. Kuipeleka ndiko kulikomtesa, kwa maana angesema nini, na kwa mdomo upi? Akaizungushia gazeti, akaifunga kwa uzi, na mzee alipoenda kuota jua getini, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wake na kukimbilia jikoni. Huko akawasha jiko bila sufuria juu yake. Alisikia hatua za mzee zikija kwenye korido, zikasimama. Alisikia gazeti likifunguliwa taratibu. Kisha mlango ukafungwa polepole sana, kwa adabu. Laiti angeubamiza.

Tangu siku hiyo Mzee Obura akaacha kunywa. Alianza na chai ya jioni. Alisema ameshiba. Siku zilizofuata akaacha chai ya saa nne, kisha akawa anakula ugali mkavu na samaki bila kugusa gilasi ya maji iliyo mbele yake. Huyu ni mtu ambaye watu wa reli walimjua kwa kikombe chake kikubwa cha bati. Midomo yake ikapasuka. Akawa anazungumza kama aliye na mchanga kinywani. Nerima aliiondoa gilasi mezani ikiwa imejaa, akaimwaga, na kila alipoimwaga aliona haya mpaka masikio yakawaka. Aliona hasira pia, tusimfanye malaika. Alimkasirikia mzee kwa kuzeeka nyumbani mwake. Alimkasirikia Jerry kwa kuwa na barabara ya kukimbilia. Alimkasirikia hata marehemu Eucabeth, maana mama mkwe angekuwepo, jambo hili lingekuwa lake na lingemalizwa kimyakimya kati ya mke na mume.

Alijaribu kumwambia Jerry kwa simu. Alizunguka, akazunguka tena, mwishowe akalisema. Upande wa pili pakawa na mlio wa malori tu.

"Sasa unataka nimuulize nini?" Jerry akasema. "Eti Baba, unakojoa kwa kitanda? Huyo ni mzee wangu, Mama Shantel. Wacha tu."

Kisha akauliza mboga zake za sukuma zinaendeleaje. Ndivyo alivyo Jerry, mazungumzo yakipanda mlima yeye hubadilisha gia.

Sukuma zilikuwa zinaendelea vizuri kupita kiasi. Jerry aliziandalia mahali mwezi wa Desemba, nyuma ya nyumba, mahali pekee kwenye ploti panapopata jua tangu asubuhi. Udongo wa Lanet ni mwepesi, maji hupita ndani yake bila kusalimia, kwa hiyo kila Jumamosi alileta magunia ya udongo mweusi kutoka Mau Narok. Akaurundika dhidi ya ukuta, akauzuia kwa mawe upande wa mbele, tuta likapanda mpaka karibu na kizingiti cha dirisha. Na kwa kuwa maji ya bomba ni ya kubahatisha, Nerima hakupoteza tone. Maji ya kuosha vyombo, maji ya kusuuza nguo, yote jioni yaliishia kwenye lile tuta, mvua inyeshe isinyeshe, kwa mazoea. Sukuma zikawa na majani mapana kama sinia. Katika msimu ule wa kukosa utulivu, kusimama pale na beseni tupu mkononi ndiko kulikompa Nerima pumzi.

Asubuhi moja mzee alishika geti ghafla, akalikumbatia nusura aanguke. Nerima alikimbia, akafika karibu, akasimama na mikono hewani, kwa sababu hakujua amshike wapi. Mzee alisema ni jua tu. Hapakuwa na jua.

Jumamosi hiyo, mbele ya Jerry, mzee alitangaza kwamba anarudi nyumbani Siaya. Alisema nyumba haikai bila moshi. Alisema amekaa mjini vya kutosha. Jerry alipinga kidogo, kama anavyopinga mtu anayeshukuru moyoni, na Nerima akaitazama sahani yake. Kila mtu mezani alijua kwamba nyumba ile ya Siaya imefungwa kwa kufuli tangu mazishi ya Eucabeth, na kwamba jirani wa karibu ni mpwa asiyekaa nyumbani. Nerima peke yake ndiye aliyejua nani amemfukuza. Ni yeye mwenyewe, kwa nailoni na kipande cha gazeti. Mzee ataenda kukaa peke yake kwenye nyumba yenye giza, akijinyima maji kama anayejiadhibu, na hatamaliza mwaka. Na atakufa akijiona mtoto mchanga. Wakakubaliana aondoke Jumamosi inayofuata.

Juma lile Nerima hakukaa chini. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha friji, akairudisha. Usingizi ulimpiga chenga. Siku moja kabla ya safari, mzee alivaa suruali yake nzuri na kofia, akasema anaenda mjini kuwaaga wenzake wa reli waliobaki. Geti likafungwa. Nerima akaanza kuosha vyombo, akaviacha. Akakaa, akasimama. Akajikuta mwisho wa korido mbele ya ule mlango, mikono bado ina povu.

Akavua ndala, kana kwamba miguu mitupu inapunguza dhambi, akaingia.

Chumba kilikuwa nadhifu kuliko sebule yake. Begi limefungwa, limesimama karibu na mlango. Viatu vimepangwa. Kitanda kilisukumwa mpaka ukutani, kwa kuwa chumba ni kidogo, na ukutani juu yake limetundikwa lile koti refu la reli, linafunika nusu ya ukuta. Harufu humo ndani ilikuwa ya kukata pumzi. Nerima akafunua blanketi. Akafunua shuka. Chini yake nailoni ilikuwa imetandikwa, imekunjiwa pembeni kwa uangalifu wa mtu aliyekubali hukumu. Moyo ulimuuma hivi kwamba alitaka kufunika na kutoka.

Badala yake akaweka kiganja juu ya nailoni. Ilikuwa kavu. Akadhani mzee ameipangusa, akaishika ukingo na kuiinua, na vidole vilipogusa godoro chini yake, maji yakachuruzika.

Nerima alisimama pale, mkono mmoja umeshika nailoni, na akili yake, iliyokuwa ikikimbia mwezi mzima bila kufika, ikasimama pamoja naye. Maji ya mtu hutoka juu. Nailoni iko katikati. Juu pakavu, chini panavuja. Alinusa vidole vyake. Vilinuka udongo, vikanuka magunia ya viazi yaliyosahauliwa mvuani. Hapakuwa na harufu nyingine.

Na mzee hakuyaona yote haya? Aliona blanketi limelowa upande wa ukutani kila alfajiri, na hilo lilimtosha. Aliyekwisha kujihukumu hatafuti ushahidi.

Akavuta kitanda kwa nguvu zake zote, akaondoa koti. Rangi nyuma yake ilikuwa imefura na kubambuka, na plasta ililainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Chini kabisa ukuta ulikuwa mweusi kwa maji, ukipanda ulipungua, na ulipofika usawa wa dirisha uliishia kwa mstari wa chumvi nyeupe. Alitazama dari. Ilikuwa kavu, haina hata doa. Maji haya hayakushuka kutoka kwenye mabati. Yalipenya kutoka upande wa pili, chini.

Alijua kilichoko upande wa pili kabla hajatoka nje. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Nerima alikuwa akikinywesha kwa beseni kila jioni.

Hakwenda kutafuta mtu wa kumsaidia. Alichukua jembe. Sukuma ziling'oka na mizizi, akazitupa pembeni bila kuzitazama, akachimba akianzia ukutani. Wachuka alijitokeza kwenye ua, akauliza kuna nini tena, na aliponyamaziwa akauliza kama anaweza kuchukua majani. Nerima akamwambia achukue yote. Udongo ulikuwa mzito kwa maji hata kwa ndani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, na ulipoachana na ukuta uliacha mawe yanang'aa kama yaliyotolewa mtoni. Alichimba mpaka mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko ndipo akakuta ule utepe mweusi wa nailoni nene unaopita kati ya msingi na ukuta. Jerry aliusifu sana walipojenga. Fundi aliwaeleza kwamba huo ndio unaozuia unyevu wa ardhi usipande ukutani. Na ungezuia. Lakini hakuna aliyemwambia fundi kwamba kuna watu wataleta ardhi nyingine kutoka Mau Narok na kuirundika juu ya utepe, iegemee ukuta wenyewe.

Mzee Obura alimkuta akiwa katika hali hiyo, matope magotini, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Alisimama karibu na tangi.

"Mama Shantel, kuna nini?"

Nerima alikuwa amepanga maneno ya heshima, ya kuzunguka, yasiyogusa kitu. Yote yalimkimbia.

"Baba, nimeingia kwa chumba yako."

Uso wa mzee ukajifunga. Akatazama upande wa mlango wa nyuma, kama anayehesabia begi lake hatua.

"Nimeinua ile nailoni," Nerima akaendelea, maana angenyamaza hapo asingeanza tena. "Juu ni kukavu. Maji iko chini yake. Inatoka kwa ukuta. Ni hii maji yangu ya vyombo, Baba. Sio wewe."

 Mzee alikuja, akainama kwa shida, akaingiza vidole kwenye saruji iliyo kati ya mawe, ikamegeka. Akaufuata utepe mweusi kwa macho, kisha akatazama lundo la udongo lilipokuwa limefika, na Nerima akaona kwamba ameelewa yote, kwa maana kazi ya maisha yake ilikuwa kuzuia maji yasikae chini ya reli.

"Sio mimi?" akauliza.

"Sio wewe, Baba."

"Sio mimi," akasema tena, na safari hii halikuwa swali. Kisha akaketi juu ya lundo la udongo kati ya sukuma zilizong'olewa, na ile suruali yake nzuri, akavua kofia, akalia. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nerima hakuwa na ruhusa ya kumgusa, na kuondoka asingeweza. Akaingia jikoni, akatoka na jagi la maji, akaliweka juu ya jiwe karibu na mkono wake, akampa mgongo na kuendelea kuchimba. Nyuma yake alimsikia mzee akinywa, akishusha pumzi, akinywa tena.

Jerry alipofika kesho yake kumpeleka baba yake stendi, alikuta handaki. Alikasirika kwanza, kwa sababu udongo ulikuwa wake, halafu akaona haya, kwa sababu udongo ulikuwa wake. Naye kama kawaida alitaka jambo liishe upesi. Alitaka kwenda kununua rangi ya mafuta, aupake ukuta mara kadhaa, wasahau. Nerima alikataa. Alisema wakiupaka utafungia maji ndani na yatatafuta pa kutokea. Baba na mwana wakamtazama, maana hakuwa na kawaida ya kukataa jambo mbele ya mzee.

"Anasema kweli," Mzee Obura akasema. "Toa maji kwanza."

Hakuna aliyetaja Siaya tena. Wakachimba mpaka chini ya utepe, wakaupa mfereji mteremko uende mbali na nyumba, wakaujaza kokoto. Udongo mweusi ukahamishiwa kwenye ua wa mbele, mbali na ukuta wowote. Ndani, Jerry akabandua plasta yote iliyooza mpaka mawe yakabaki uchi, na dirisha likaachwa wazi. Godoro lile lilichomwa moto. Mzee akahamia kwenye kochi la sebuleni kwa muda, na korido ikawa njia ya kila mtu.

Ukuta hukauka kwa wakati wake, hauna haraka ya mtu, na Nerima haraka ilikuwa haijamtoka. Alikuwa akiingia mle chumbani asubuhi na jioni kuugusa, kama anavyogusa mama paji la uso la mtoto mwenye homa. Mwanzoni alibisha hodi kwenye chumba kisicho na mtu. Baadaye aliacha. Mzee akawa anauliza kutoka sebuleni kama mgonjwa ameamkaje, na Nerima anajibu kwamba leo ana nafuu, au kwamba leo amezidiwa, kulingana na mvua ya jana. Lilikuwa jambo la kwanza la utani kupita kati yao tangu aolewe. Mvua zikaisha. Baridi ya Julai ikaja na kupita, mawe yakabadilika kutoka meusi kuwa ya kijivu, na yalipotoa vumbi chini ya kiganja, fundi akaitwa akapiga plasta mpya. Mzee akarudi chumbani kwake na godoro jipya. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Kikombe chake cha bati kilikuwa kinajazwa na kujazwa tena.

Nyumba ikanuka nyumba. Akina mama wa jumuiya wakaja kusali, wakaimba mpaka Wachuka akasikia kwake.

Kisha asubuhi moja ya Septemba, Nerima akiwa jikoni anachambua maharagwe, mzee akaja kusimama mlangoni. Hakuwa amevaa kofia. Alishika fremu ya mlango.

"Mama Shantel," akasema, "godoro imelowa."

Maharagwe yakamwagika. Nerima alipita mbele yake, akaenda mbio kwenye korido, na kichwani tayari alikuwa anachimba upya, anauliza ni bomba gani, ni mfereji gani umeziba, ni nani amemwaga maji. Akasukuma kitanda, akaweka viganja vyote viwili ukutani. Akaushika chini, akaushika juu, akaenda pembeni, akarudi. Ukuta ulikuwa mkavu. Ulikuwa na joto la jua la nje. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita.

Akabaki ameinama hivyo, mikono ukutani, hataki kugeuka. Alisikia mzee amefika nyuma yake na kusimama kwenye kizingiti. Alitafuta uongo wa kumpa. Alikuwa nao tayari mdomoni, kwamba kuta huwa na maji yaliyojificha, kwamba plasta mpya hutoa jasho.

"Nimegusa pia mimi," mzee akasema. "Imekauka. Leo ni mimi."

Nerima akageuka. Mzee alikuwa anamtazama usoni. Alikuwa amesubiri aone huyu mtoto wa watu atafanya nini.

"Sawa, Baba," Nerima akasema. Akatoa shuka, akalitupa sakafuni, akashika ncha moja ya godoro. "Shika huko. Tulitoe nje jua likiwa bado upande huu."

Mzee akaingia, akashika upande wake, wakaligeuza lipite mlangoni.